Pikipiki Kuukuu ya Tawi: Jinsi Tulivyoijenga Upya Nyumbani



Kila tunapoingia kambini na pikipiki ya tawi, watu huizunguka na kuuliza. Vijana huuliza inakimbia kiasi gani. Wazee huuliza jambo la maana zaidi: ni ya nani, na fedha zilitoka wapi? Swali hilo ni haki yenu, kwa maana ada mnayokatwa ndiyo inayoendesha chama. Tena wako wanachama wenye pikipiki kuukuu zilizolala uani, nao wametuomba tueleze jinsi mashine iliyokufa inavyoweza kufufuliwa nyumbani. Hapa tutajibu yote mawili. Na hatutaficha kosa tulilofanya, kwa sababu kosa hilo liliwaumiza wenzetu.

MASHINE YENYEWE

Tawi letu lina wanachama katika viwanda vya Jinja na Njeru, na katika mashamba ya miwa na chai mpaka pande za Lugazi na Buikwe. Zamani tulikwenda kwa bodaboda. Nauli za mwezi zilikula fedha za karatasi na za simu, na mara nyingine dereva akiona wingu la mvua alirudi mjini akatuacha njiani.

Ndipo mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipotuuzia pikipiki iliyolala stoo miaka mingi chini ya magunia, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Alitoza bei ya chuma chakavu. Wanachama wa kambi 5 walipiga kura, wakakubali kutoa shilingi 1,000 kila mmoja juu ya ada yao. Kadi ya pikipiki iliandikwa kwa jina la chama, si kwa jina la katibu. Hilo ni jambo la kwanza la kujifunza: mali ya wengi iandikwe kwa jina la wengi tangu siku ya kwanza, kabla hata haijatiwa petroli.

Pikipiki hiyo ni Triumph Tiger 750 ya Uingereza, modeli TR7RV. Ina silinda 2 zilizosimama ubavu kwa ubavu, cc 744, gia 5, kabureta 1, na tangi la galoni 4 za Kiingereza, yaani karibu lita 18. Uzito wake ni karibu kilo 190. Ni mashine ya mwendo mrefu na mzigo, tena haina umeme wa kuiwashia. Huwashwa kwa teke.

Fundi mzee, mstaafu wa karakana ya kiwanda, ndiye aliyetufundisha kusoma namba iliyogongwa kwenye injini. Namba yetu huanza na herufi GP. Katika hesabu ya kiwanda kile, herufi ya kwanza ni mwezi na ya pili ni mwaka wa modeli. G ni Juni, P ni 1977. Herufi za fremu zilikuwa ni zilezile, basi tukajua kwamba injini na fremu vilitoka pamoja. Ukitaka kununua pikipiki ya aina hii, soma namba hizo kwanza. Zikitofautiana, uliza sababu kabla ya kutoa fedha.

WALIOIUNDA

Namba hiyo ilitufunulia jambo jingine. Triumph hizo ziliundwa katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry. Mwezi Septemba 1973 wakubwa wa kampuni walitangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Wafanyakazi walikataa. Waliishika milango, wakazuia mashine na pikipiki zilizokwisha kuundwa zisitolewe, wakakaa hivyo karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1974 chama cha Labour kilipata serikali, na waziri wa viwanda, Tony Benn, aliwaunga mkono. Mwezi Machi 1975 ushirika wa wafanyakazi ulianza kazi, kwa mkopo wa serikali wa pauni milioni 4.2 na msaada wa pauni 750,000. Mwanzoni wote walilipwa mshahara sawa, wa ofisini na wa mashineni.

Kwa hiyo pikipiki yetu ya 1977 iliundwa na watu waliokuwa wafanyakazi na wenye kiwanda kwa wakati mmoja. Tulipowaeleza wanachama habari hiyo, walianza kuileta michango yao wenyewe kabla hatujawaomba. Mwisho wa ushirika ule tutausema huko mbele, maana nao una somo.

KOSA LETU

Tulianza vibaya. Tulisafisha kabureta, tukaweka plagi mpya, betri mpya na mafuta mapya ya injini. Tulipiga msasa tangi, tukalipaka rangi nyekundu, tukaandika jina la chama. Tulipiga teke mara 3, injini ikanguruma. Watoto wa mtaa walishangilia.

Fundi mzee hakushangilia. Alisema, "Wanangu, hamjafungua kranki. Ndani yake mna tope la miaka yote hiyo. Mafuta mapya yatalilainisha, kisha litaziba njia." Tulimjibu kwamba baada ya siku 3 tuna mkutano shambani, hatuna nafasi ya kufungua injini. Alinyamaza. Angeweza kufanya nini? Sisi ndio viongozi.

Mkutano ule ulihusu mizani ya chai. Wachumaji walikuwa wakikatwa kilo kwa kila gunia, wakiambiwa kwamba ni maji ya umande. Sisi tulikuwa tuwe pale saa 4 asubuhi, tukae nao mbele ya meneja. Tulipofika kama kilomita 30, injini ilianza kugonga kama nyundo juu ya chuma. Kabla hatujaisimamisha ilijifunga yenyewe, gurudumu la nyuma likaburuzika. Hakukuwa na basi wala lori la kutupokea. Tuliisukuma.

Tulifika usiku. Wenzetu walikuwa wamengoja mpaka mchana, kisha waliitwa ofisini mmoja mmoja. Sita kati yao walikwisha kutia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali makato. Ilituchukua miezi 5 kuiondoa karatasi ile. Wawili kati ya wale 6 walikuwa wamekwisha kurudi makwao bila kulipwa kilo zao. Hatuwezi kusema ni pikipiki iliyowaponza. Ni sisi, tuliopaka rangi nje na kuogopa kufungua ndani.

KUFUNGUA INJINI KWA UTARATIBU

Safari ya pili tulimfuata fundi mzee tangu mwanzo. Kazi ilifanyika uani kwa katibu, jioni baada ya zamu na siku za mapumziko. Utaratibu wake ni huu, nao unafaa kwa pikipiki yoyote kuukuu.

Kwanza, osha kabla ya kufungua. Mchanga ulio nje ukiingia ndani ni adui.

Pili, tafuta spana zinazostahili. Hapa ndipo vijana wetu wa bodaboda wanapokosea. Pikipiki zao hutumia spana za milimita. Nati za Triumph hii ni za inchi. Spana ya milimita huonekana kama inakaa, lakini ukiivuta inazungusha kichwa cha nati mpaka kinakuwa mviringo, na hapo kazi ya dakika 5 inakuwa ya siku nzima.

Tatu, andika. Tulitumia makopo ya maziwa. Kila kopo lina namba, na namba imeandikwa daftarini pamoja na picha ya kuchora kwa penseli ya jinsi kitu kilivyokaa. Usitegemee kichwa chako. Utakaporudi baada ya wiki 3 utakuwa umesahau.

Nne, fungua betri kabla ya kugusa nyaya, na ujue upande wa ardhi. Katika Triumph za miaka ile waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye fremu, kinyume cha pikipiki za siku hizi. Kijana wetu mmoja aliunga betri kama alivyozoea, fyuzi ikaungua papo hapo. Tulishukuru kwamba kulikuwa na fyuzi.

Sasa kranki. Huu ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Ndani ya kranki ya Triumph mna tundu refu, na ndani ya tundu mna bomba dogo. Mafuta hupita humo kwenda kwenye beringi za konrodi. Kranki inapozunguka, uchafu ulio mzito kuliko mafuta hutupwa pembeni na kukwama ndani ya bomba. Bomba hilo ni mtego wa tope. Ni jambo zuri, lakini mtego usiposafishwa hujaa, na ukijaa beringi hazipati mafuta. Huwezi kuufikia mpaka injini nzima imepasuliwa mapande mawili, na kwa sababu hiyo watu wengi huuacha.

Kizibo cha mtego kimefungwa kwa skrubu na kugongwa alama ili kisilegee. Fundi alitoboa alama ile kwa keekee kidogo, akapasha moto, akakifungua kwa bisibisi nene. Kisha alitukumbusha kwamba bolti moja ya gurudumu zito la kranki huingia kwenye bomba na kulishika. Bila kuifungua bolti hiyo, bomba halitoki, utalivunja bure. Lilipotoka, ndani mlikuwa na tope jeusi gumu kama lami. Tulilikwangua na kulipitisha kwa kila mjumbe wa kamati alishike mkononi.

Beringi za konrodi, vile vipande vya nusu duara, vilikuwa vimeliwa upande mmoja. Kranki yenyewe ilikuwa na michirizo. Haikutupwa. Fundi wa mashine ya kukereza aliisaga sehemu hizo kwa inchi 0.020, yaani kama nusu milimita, nasi tukaagiza beringi za unene unaolingana na kipimo hicho. Uingereza kuna maduka yanayouza spea mpya za Triumph kuukuu mpaka leo, na spea zetu zilifika baada ya wiki 5. Pima kwanza, agiza baadaye. Ukiagiza kabla ya kupima utanunua mara mbili.

KUFUNGA NA KUWASHA

Katika modeli yetu mafuta ya injini hukaa ndani ya bomba kubwa la fremu. Kwa hiyo fremu nayo ni tangi, na ni lazima isafishwe ndani. Chini yake kuna chujio la waya, lifungue ulioshe. Tulisukutua fremu kwa mafuta ya taa mara 4, mpaka yakatoka bila chembe.

Nafasi za valvu tulizipima injini ikiwa baridi: inchi 0.008 kwa valvu za kuingiza na inchi 0.006 kwa valvu za kutoa moshi. Ni sawa na milimita 0.20 na 0.15.

Pikipiki hii ikikaa siku nyingi, mafuta huteremka kutoka kwenye fremu na kujaa chini ya kranki. Fungua kizibo cha chini, yamwage, uyapime na kuyarudisha juu kabla ya kuwasha. Baada ya kuwasha, fungua kifuniko cha mafuta utazame. Ukiona mafuta yanarudi kwa kurukaruka, pampu inafanya kazi. Usipoyaona yakirudi baada ya muda mfupi, zima. Usingoje kusikia kugonga.

HATARI ZA KAZI HII

Ndugu, tunawaambia waajiri kila siku kwamba usalama si zawadi. Basi na sisi nyumbani tusijidanganye.

Vipande vya breki na klachi vya miaka ile mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, wala usikwangue vipande vikiwa vikavu. Futa kwa kitambaa chenye maji, ukitie kwenye mfuko wa nailoni, uufunge.

Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka kama bomu. Usimpelekee fundi wa kuchomelea tangi ambalo halijaoshwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi. Kama tundu ni dogo, afadhali lizibwe kwa gundi ya chuma kuliko moto.

Tena, mwanzoni tulikuwa tukioshea vyuma jikoni kwa katibu, mafuta ya taa yakiwa hatua 2 kutoka kwenye jiko la makaa. Mama mwenye nyumba alitutoa nje na makopo yetu yote. Alisema, "Mnadai vizimamoto kiwandani, halafu mnakuja kunichomea watoto?" Hatukuwa na jibu.

KUIFANYA IWE YA SAFARI

Kiwanda cha Meriden chenyewe, katika miaka yake ya mwisho, kiliuza Bonneville ya safari iitwayo Executive, yenye kioo cha mbele na masanduku. Sisi hatukuwa na fedha za masanduku hayo, tukatengeneza yetu.

Tulichomelea fremu ya mabomba ya chuma, na juu yake masanduku 2 ya bati nene yenye kufuli na mpira wa kuzuia maji. Moja ni la vitabu vya wanachama na risiti, jingine la vifaa na kipaza sauti. Mara ya kwanza tuliyaweka nyuma mno. Pikipiki ikawa nyepesi mbele na usukani ukatikisika kwenye mteremko. Tukayasogeza mbele na chini, karibu na miguu ya abiria, usukani ukatulia. Kumbuka hilo: mzigo mzito uwe chini na karibu na katikati.

Chini ya injini tuliweka sahani ya chuma kwa ajili ya mawe ya njia za shambani. Gia ndogo ya cheni tuliibadilisha kwa yenye jino moja pungufu. Mwendo wa juu umepungua kidogo, lakini vilima inapanda na watu 2 na mzigo. Kiti kilishonwa upya na mwanachama mwenzetu wa kiwanda cha nguo, kwa turubai.

Badiliko lililo kubwa kuliko yote halionekani. Injini ile ilitoka kiwandani na vichujio vya waya tu, ambavyo huzuia vipande vikubwa na kuachia vumbi. Tuliunga chujio la mafuta kama la gari kwenye bomba la kurudishia mafuta. Uchafu uliokuwa ukikimbilia kranki sasa unabaki katika chujio, ambacho hubadilishwa kwa dakika chache na bei yake ni ndogo. Mafuta tunayabadilisha kila kilomita 2,000, bila kungoja yawe meusi.

HESABU

Sasa turudi Meriden. Wale ndugu walijua kuunda pikipiki. Walifanya kazi, waliuza, walishika kiwanda chao kwa miaka. Lakini mkopo waliopewa ulikwenda kununua majengo, mashine na kazi ya kila siku, nao ulikuwa na riba. Haikubaki fedha ya kutosha ya kuunda injini mpya. Injini waliyorithi ilikuwa ya ukoo wa Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner na kuonyeshwa mwaka 1937. Honda ya Japani ilikuwa imeleta CB750 ya silinda 4, yenye kuwashwa kwa umeme, tangu 1969. Serikali ilisamehe sehemu ya madeni yao, hata hivyo mwaka 1983 ushirika ulifungwa, na 1984 kiwanda kilibomolewa. Leo mahali pake kuna nyumba za kukaa.

Wako wanaosema hiyo ni dalili kwamba wafanyakazi hawawezi kumiliki kiwanda. Sisi hatukubali. Kampuni zenye mabwana nazo zilikufa katika biashara hiyohiyo na miaka hiyohiyo. Tunachoona ni kwamba kushika mashine hakutoshi kama hakuna fungu la kuifanya upya.

Kwa hiyo kamati imekata shauri. Kila safari ya pikipiki inaandikwa daftarini: tarehe, kilomita, aliyeendesha na sababu ya kwenda. Kwa kila kilomita 100 kiasi fulani huwekwa kando, na fungu hilo haliguswi hata kwa chai ya mkutano. Daftari husomwa mbele ya wanachama kila robo mwaka. Anayetaka kulitazama kabla ya siku hiyo na alitazame. Lipo ofisini, juu ya meza, si ndani ya kabati.

Siku za Jumapili fundi mzee hufundisha vijana 4 uani kwa katibu. Wenye pikipiki zilizolala na wanaotaka kujifunza waje na nguo za kazi. Lile bomba la tope tumelihifadhi. Limefungwa kwa waya juu ya mlango wa ofisi ya tawi. Wanaouliza ni kitu gani tunawasimulia habari za wale 6 waliotia dole gumba.

Umoja ni nguvu.